Marekebisho ya Katiba ya Arizona kuhusu maafisa wa umma

Marekebisho ya Katiba ya Arizona kuhusu maafisa wa umma ni mabadiliko ya kanuni zinazowahusu gavana, wabunge, majaji na viongozi wengine wa jimbo la Arizona, nchini Marekani, yanayofanywa kwa kura ya wananchi. Kanuni hizo hueleza jinsi maafisa wanavyopata vyeo, muda wanaokaa madarakani na namna wanavyoweza kuondolewa kabla muda huo haujaisha. Bunge la jimbo haliwezi kuzibadilisha peke yake, wala gavana hawezi. Uamuzi wa mwisho ni wa wapiga kura.

Utaratibu

Pendekezo la kurekebisha katiba linaweza kuwafikia wapiga kura kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kupitia bunge la jimbo. Ikiwa zaidi ya nusu ya wajumbe wa Seneti na zaidi ya nusu ya wajumbe wa Baraza la Wawakilishi wanaliunga mkono, hupelekwa kwa wananchi bila kuhitaji saini ya gavana. Njia ya pili ni wananchi wenyewe kukusanya saini. Idadi inayotakiwa ni asilimia 15 ya kura zilizopigwa katika uchaguzi uliopita wa gavana. Kwa sheria ya kawaida ni asilimia 10.

Kwa kawaida pendekezo hupita likipata zaidi ya nusu ya kura. Tangu 2022, mapendekezo yanayoidhinisha kodi yanahitaji asilimia 60.

Mgogoro kuhusu majaji, 1910-1912

Katiba ya Arizona iliandikwa mwaka 1910 na mkutano wa wajumbe 52 mjini Phoenix, chini ya uenyekiti wa George W. P. Hunt. Wakati huo Arizona ilikuwa bado eneo lililotawaliwa na serikali kuu, si jimbo kamili. Katiba hiyo iliwapa wapiga kura haki ya kumwondoa madarakani afisa yeyote aliyechaguliwa, wakiwemo majaji. Wananchi waliipitisha mwezi Februari 1911.

Rais William Howard Taft, ambaye aliwahi kuwa jaji, alipinga kipengele cha majaji. Kwa maoni yake, jaji anayeogopa kuondolewa na umati uliokasirika hawezi kuhukumu kwa haki, hasa pale sheria inapomlinda mtu asiyependwa na wengi. Waliokitetea walisema kwamba jaji naye ni mtumishi wa umma, na kwamba mahakama zilikuwa zikiyapendelea makampuni makubwa ya reli na migodi.

Tarehe 15 Agosti 1911 Taft alitumia kura ya turufu kuzuia Arizona isiwe jimbo. Siku chache baadaye alikubali azimio jipya lenye sharti kwamba majaji waondolewe katika kipengele hicho. Wapiga kura walitimiza sharti hilo mwezi Desemba, na tarehe 14 Februari 1912 Arizona ikawa jimbo la 48. Mwezi Novemba mwaka huohuo, wananchi walirekebisha katiba yao na kuwarudisha majaji katika kipengele hicho. Rais hakuwa tena na uwezo wa kuwazuia, kwa sababu jimbo likishajiunga na Muungano hujiamulia lenyewe mambo ya maafisa wake.

Kura ya kumwondoa afisa

Ibara ya 8 ya katiba inataka saini sawa na asilimia 25 ya kura zilizopigwa katika uchaguzi uliopita wa cheo husika. Afisa hupewa siku tano za kujiuzulu. Asipojiuzulu, uchaguzi maalumu huitishwa na yeye huwa mmoja wa wagombea. Anayepata kura nyingi zaidi huchukua nafasi hiyo. Kwa njia hii Russell Pearce, rais wa Seneti ya jimbo, alipoteza kiti chake tarehe 8 Novemba 2011.

Gavana Evan Mecham naye alikuwa amepangiwa uchaguzi wa namna hiyo mwezi Mei 1988. Lakini mwezi Aprili Seneti ilimtia hatiani na kumwondoa, na Mahakama ya Juu ya jimbo ikafuta uchaguzi huo.

Marekebisho mengine

Mwaka 1974 wapiga kura walibadilisha namna ya kuwapata majaji wa mahakama za juu na wa kaunti kubwa. Tangu hapo gavana huwateua kutoka orodha ya tume maalumu, na muda wao ukiisha wananchi hupiga kura ya kuwabakiza au kuwaondoa.

Mecham alikuwa amechaguliwa mwaka 1986 kwa takriban asilimia 40 tu ya kura, kwa kuwa wagombea wakuu walikuwa watatu. Hivyo mwaka 1988 katiba ilirekebishwa ili mshindi wa ugavana apate zaidi ya nusu ya kura. Uchaguzi wa 1990 haukutoa mshindi wa aina hiyo, ikabidi urudiwe Februari 1991. Mwaka 1992 wananchi waliifuta kanuni hiyo waliyoiweka wenyewe.

Mwaka huo pia waliweka ukomo wa vipindi: viwili mfululizo kwa gavana na vinne mfululizo, vya miaka miwili kila kimoja, kwa wabunge wa jimbo. Ukomo waliouweka kwa wawakilishi wao katika Bunge la Marekani ulikosa nguvu mwaka 1995, Mahakama Kuu ya Marekani ilipoamua katika kesi ya Arkansas kwamba majimbo hayana mamlaka hayo.

Mwaka 2022 walikubali kuanzisha cheo cha naibu gavana, kuanzia uchaguzi wa 2026. Mwaka 2024 bunge la jimbo lilipendekeza kupunguza sana kura za kuwabakiza majaji. Wapiga kura walilikataa pendekezo hilo, na kura hizo zikaendelea.