MCHUNGA, MBOGA CHUNGU YA MASIKA



Mvua za masika zikishika, kuanzia mwezi wa Machi hadi Mei, mboga nyingi huota bila kupandwa na mtu. Pembezoni mwa jiji la Dar es Salaam, kule Chamazi, Toangoma na Mbagala katika wilaya ya Temeke, na kule Bunju na Mabwepande katika wilaya ya Kinondoni, utawaona akina mama wameinama mashambani na katika viwanja ambavyo bado havijajengwa. Wanachuma mchunga.

Mimi si mtu wa pwani. Nilikulia Dodoma, na mboga yetu ya mvua ni mlenda. Nilipoletwa kufanya kazi katika zahanati huku, nilisikia akina mama wakisema, "Leo tunakula mchunga." Nikauliza, "Mchunga ng'ombe?" Walicheka mpaka wakakaa chini. Basi mama mwenye nyumba ninayopanga akanipikia. Siku ya kwanza nilimeza kwa shida. Siku ya tatu niliomba niongezwe. Haya ninayoyaandika kuhusu kupika nimejifunza kwake. Yaliyobaki ni ya kazi yangu.

Mchunga unaujuaje? Majani yake ni marefu na membamba. Mengine yamekatika pembeni kama meno ya msumeno. Shina lake lina uwazi ndani. Ukilivunja, hutoka utomvu mweupe kama maziwa, nao hunata vidoleni. Maua yake ni madogo, ya rangi ya manjano. Mizizi yake hutambaa chini ya udongo, na ndiyo sababu mkulima akiulima leo, baada ya wiki chache unachipua tena. Wakulima wengi huuita gugu. Mpishi huuita mboga. Wote wawili wanasema kweli.

Lakini jihadhari. Si kila mmea wenye utomvu mweupe ni mchunga. Mnyaa unaopandwa kuwa ua wa nyumba una utomvu mweupe, nao ni sumu, tena ukiingia machoni unaweza kukupofusha. Kama hujawahi kuchuma mchunga, usiende peke yako. Nenda na mtu mzima anayeujua, au ununue sokoni. Masoko ya Mbagala na Tandika huuza mboga za namna hii kwa mafungu wakati wa mvua.

MAHALI PA KUCHUMA

Jambo hili ni kubwa kuliko watu wanavyofikiri. Kwa kuwa mchunga ni gugu, watu wengi siku hizi hawaulimi kwa jembe. Wanaupulizia dawa ya kuua magugu. Mwenye kiwanja hupulizia leo, na mvua isiponyesha, majani hukaa siku kadhaa yakiwa bado mabichi. Mama anapita, anaona mboga nzuri, anachuma. Hajui kwamba amechuma sumu. Kwa hiyo, kabla ya kuchuma katika shamba au kiwanja cha mtu, muulize mwenyewe kama amepulizia dawa. Ukikosa wa kumwuliza, pita. Ukiona majani yameanza kuwa ya manjano au yamenyauka wakati mvua inanyesha, pita vilevile.

Usichume karibu na choo, wala kwenye mfereji wa maji machafu, wala jalalani, wala kando ya barabara kubwa yenye magari mengi. Wataalamu wamepima mboga zinazolimwa katika bonde la mto Msimbazi na kukuta ndani yake madini mabaya kama risasi. Madini hayo hayatoki kwa kuosha wala kwa kuchemsha, na huharibu akili za watoto polepole. Uchafu wa choo unaweza kuuosha na kuuchemsha. Risasi huwezi.

Chuma majani machanga, kabla mmea haujatoa maua. Ukishatoa maua, majani huwa magumu na uchungu unazidi.

JINSI YA KUPIKA

Kwa watu wanne au watano, tafuta mafungu mawili ya mchunga, fungu moja la mchicha au matembele, nazi moja, kitunguu kimoja, nyanya mbili, limau moja na chumvi kidogo. Mchicha ni wa kupunguza uchungu. Wenyeji waliozoea hawauweki, lakini watoto na wageni kama mimi tunauhitaji.

Nawa mikono kwa sabuni. Osha majani yakiwa mazima, katika maji matatu, moja baada ya jingine, mpaka mchanga uishe chini ya beseni. Osha kwanza, kisha ukate. Wengi hukata kwanza ndipo wakaosha, na hapo vitamini nyingi huondoka na maji.

Kuna na Nazi. Kamua tui zito, uliweke pembeni. Tia maji ya uvuguvugu katika machicha, ukamue tena upate tui jepesi.

Sasa chemsha maji kidogo katika sufuria, kiasi cha kufunika mchunga tu. Yakishachemka vizuri, tia mchunga. Usiutie katika maji baridi. Uache uchemke kwa muda mfupi, kama dakika tano. Mwaga maji hayo, maana ndiyo yamebeba uchungu. Hapa niseme kweli: maji hayo yamebeba na vitamini pia. Kwa hiyo mwaga mara moja tu. Nimewaona wanaochemsha na kumwaga mara tatu mpaka mboga inakuwa haina uchungu kabisa. Mboga hiyo haina uchungu, na haina faida kubwa pia. Kama uchungu bado unakusumbua, ongeza mchicha, usiongeze kumwaga maji.

Usitie magadi. Magadi hulainisha mboga upesi na kuifanya iwe kijani ya kupendeza, lakini huua vitamini. Tena magadi ni chumvichumvi, na mtu mwenye ugonjwa wa shinikizo la damu yanamwongezea matatizo.

Weka kitunguu na nyanya zilizokatwa katika tui jepesi, zichemke mpaka nyanya zilainike. Tia mchunga uliochemshwa na mchicha mbichi. Funika. Mchicha ukiiva, tia chumvi na tui zito, ukoroge polepole mpaka lichemke kidogo, halafu epua. Tui zito likichemka sana hukatika. Kamulia limau mezani, si jikoni, kwa sababu moto huharibu vitamini ya limau.

Kama nazi imekuwa ghali, twanga karanga zilizokaangwa, uzikoroge kwa maji, utie badala ya tui. Kama una dagaa, waoshe, uwatie pamoja na nyanya. Dagaa wanafanya mboga hii iwe chakula cha kujenga mwili.

Kwa nini nimesisitiza nazi na limau? Majani ya kijani yana vitamini A, ambayo husaidia macho na kumkinga mtoto na magonjwa. Vitamini hiyo haichukuliwi vizuri na mwili bila mafuta. Tui ni mafuta. Majani yana madini ya chuma pia, yanayosaidia kutengeneza damu. Lakini madini ya chuma ya kwenye majani huingia mwilini kwa shida, tofauti na yale ya nyama au samaki. Limau, chungwa au embe huyasaidia yaingie. Chai huyazuia. Basi ukimaliza kula mboga, usinywe chai pale pale. Ngoja saa moja au zaidi.

Mama mjamzito ale mboga hii na nyinginezo, lakini asiache vidonge vya kuongeza damu anavyopewa kliniki. Sahani ya mboga haiwezi kufanya kazi ya vidonge hivyo. Mtoto aliyefikisha miezi sita huanza kula mboga iliyopondwa pamoja na maziwa ya mama, lakini mwanzie mchicha au boga. Uchungu wa mchunga atauzoea akikua.

Wazee wetu wanaosoma gazeti hili watakumbuka kampeni ya "Chakula ni Uhai" ya mwaka 1975, watu walipokaa katika vikundi kusikiliza redio na kujadili mambo ya chakula. Mimi nilikuwa sijazaliwa. Lakini mzee mmoja jirani yangu bado anakumbuka, na kila nikimweleza habari za mboga za majani ananijibu kwamba hayo aliyasikia kabla mama yangu hajaolewa.

UCHUNGU SI DAWA YA MALARIA

Sasa nakuja kwenye jambo lililonifanya niandike.

Masika huleta mchunga, na masika huleta mbu. Maji hutuama katika madimbwi, mbu huzaliana, na watu huugua malaria. Basi vitu hivi viwili, mboga chungu na homa, huja pamoja kila mwaka. Watu wengi wa pwani wanaamini kwamba kimoja ni dawa ya kingine. Mtoto akipata homa, mchunga hutwangwa, maji yake hukamuliwa, naye hunyweshwa.

Mwaka jana mama mmoja alimleta mtoto wa miaka mitatu katika zahanati yetu saa sita mchana, amembeba mikononi. Mtoto alikuwa na degedege. Nilimwuliza homa ilianza lini. Akasema siku tatu zilizopita. Jioni ya kwanza alimnywesha maji ya mchunga, na asubuhi homa ilishuka. Akafurahi. Usiku homa ikarudi, akamnywesha tena, ikashuka tena. Siku ya tatu mtoto akaanza kukakamaa.

Msomaji, mama yule si mjinga. Alitazama, akaona homa inashuka baada ya dawa yake. Tatizo ni kwamba homa ya malaria ina tabia ya kupanda na kushuka yenyewe. Ingeshuka hata kama angemnywesha maji matupu. Wakati homa imeshuka, vijidudu vilikuwa vinaendelea kula damu ya mtoto. Viganja vyake vilikuwa vyeupe kama karatasi. Tulimpima, tukakuta malaria, tukamchoma sindano ya kwanza na kumpakia katika bajaji kwenda hospitali. Aliongezewa damu, akakaa huko siku tano. Alipona. Siku ile nilipofunga zahanati mikono yangu ilikuwa bado inatetemeka.

Naelewa imani hii imetoka wapi. Watu wazima wengi wanakumbuka klorokwini na kwinini, na hawajasahau uchungu wake. Mtu akaona: dawa ya malaria ni chungu, mchunga ni mchungu, basi mchunga ni dawa. Tena ni kweli kwamba kwinini ilitoka katika gome la mti. Hata dawa mseto tunayotumia sasa, sehemu yake moja asili yake ni mmea. Lakini si uchungu unaoua vijidudu vya malaria. Kinachoua ni dawa maalumu, kwa kipimo maalumu, kwa siku zilizowekwa. Klorokwini yenyewe, pamoja na uchungu wake wote, ilishindwa kuua vijidudu, na Tanzania iliacha kuitumia kuwa dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001. Kwa mchunga hakuna kipimo kinachojulikana cha kumponya mtoto.

Kwa hiyo mtoto akipata homa, mpeleke zahanati siku ile ile, usingoje kesho. Atatobolewa kidole, tone moja la damu litapimwa, na majibu utayapata kabla hujamaliza kuzungumza na jirani yako kwenye benchi. Akikutwa na malaria isiyo kali, atapewa dawa mseto ya kumeza mara sita kwa siku tatu. Mmalizie zote hata akianza kucheza. Kipimo kisipoonyesha malaria, usimlazimishe mganga akupe dawa ya malaria. Homa ina sababu nyingine nyingi, na ni lazima zitafutwe.

Ukiona degedege, au mtoto anatapika kila kitu, au hanyonyi, au amelegea na haamki vizuri, au viganja vimekuwa vyeupe, au anapumua kwa shida, usipoteze muda kwa jambo lolote. Nenda hata kama ni usiku.

Dawa mseto inafanya kazi vizuri zaidi ikimezwa pamoja na chakula chenye mafuta kidogo. Sasa hapo, kwa mtoto mkubwa au mtu mzima mwenye hamu ya kula, mchunga wa nazi unafaa sana. Mama mwenye nyumba wangu nilipomweleza hivyo alisema, "Si nilikwambia mchunga unatibu malaria?" Sijaweza kumshinda mpaka leo.

Mchunga uliobaki bila kupikwa, ufunge katika kitambaa chenye unyevu, uweke kivulini, utafaa kesho. Ukishapikwa kwa nazi uliwe siku ile ile, kwa sababu nazi huchacha upesi katika joto la huku kwetu.