Mtoto wa Nani?

Msimu uliopita, korosho zilipokuwa zikipelekwa ghalani, tuliitwa usiku katika mji mmoja upande wa Newala. Kijana wa miaka 14 alikuwa amefungwa kamba mikononi, kwa kuwa alikutwa na nusu gunia la korosho za jirani. Watu walitaka apigwe, na mmoja wao alikwisha shika kopo la mafuta ya taa. Tuliwasihi sana, hata wakatuachia mtoto mpaka asubuhi.

Kulipokucha tulimwuliza baba yake, “Ni nani amfunzaye mtoto huyu?” Akajibu, “Mwalimu, huyu ni wa wajomba zake. Mimi nina neno gani?” Tukapeleka habari kwa mjomba, Masasi. Naye akajibu, “Mtoto hula kwa baba yake, na amfunze huyo ampaye chakula.”

Kwetu Wamakonde, Wamakua na Wayao ukoo hufuata upande wa mama, na zamani mjomba ndiye aliyekuwa na amri juu ya mtoto. Ndiye aliyemlipia deni, ndiye aliyemtia jandoni, ndiye aliyeitwa mtoto akikosa. Siku hizi baba hujenga nyumba yake na kupanda mikorosho yake, na mjomba yu mbali. Amri ya kwanza imelegea, na ya pili haijakaza, naye mtoto ameanguka katikati. Twaona jambo hili huharibu vijana kuliko hizo picha za simu ambazo wazazi huzilaumu kila siku.

Tena liko jando. Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Masasi tangu mwaka 1926 hata 1944, hakulifuta, wala hakuliacha kama lilivyokuwa. Aliona wana wa Wakristo ama huenda kwa siri, ama hukaa wakichekwa na wenzao. Basi akaliweka chini ya Kanisa, wari wakafundishwa na Wakristo. Wako waliomlaumu. Sisi hatumlaumu, maana alifahamu ya kuwa mtoto hana budi kuambiwa siku moja, na watu wazima wote pamoja, “Sasa wewe si mtoto.” Lakini zamani wari walikaa kumbini miezi, sasa wengi hukaa likizo ya shule tu, na siku hizo huishia katika kuponya kidonda, na ngoma, na nguo mpya. Twamjua mvulana wa miaka minane aliyetoka jandoni akakataa kumtekea mama yake maji, ati yeye ni mwanamume! Tulicheka, na baadaye tuliona haya kwa kucheka.

Na fedha nayo? Mwaka 2017 kilo ya korosho ilikaribia shilingi 4,000 mnadani, na wako akina baba walionunua pikipiki kabla ya madaftari. Uraka wa mabibo huuzwa njiani, na kijana mwenye shilingi elfu mbili hakuna amwulizaye amezipata wapi. Msimu ukiisha fedha huisha, lakini kiu haiishi.

Wengine husema, “Apelekwe Serikalini, afungwe.” Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 humhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na yakataza asihukumiwe kifungo gerezani. Shule ya Maadilisho iko Irambo, Mbeya, safari ndefu kutoka huku. Basi mtoto hurudi mlangoni petu.

Kwa hiyo twawasihi baba na mjomba wakae mkeka mmoja kabla ya jando, si baada ya wizi, waseme wazi ni nani atakayemwuliza mtoto alilala wapi. Nanyi walimu, mtoto akitoroka shule siku mbili, pelekeni habari nyumbani siku ile ile. Msingoje mwisho wa mwezi.

Kijana yule alihukumiwa na wazee kupalilia mahindi ya jirani majuma matatu. Juma la kwanza alikwenda peke yake. Juma la pili tulimkuta baba yake akilima kando yake, wala hakutuambia neno. Jumamosi ya mwisho mjomba alishuka katika gari la kutoka Masasi, jembe begani, akamwuliza shemeji yake, “Nianzie wapi?”