Fahamu: Namna ya kulinganisha ulaji wa mafuta wa magari

Ulaji wa mafuta huandikwa kwa namna zinazokwenda kinyume. Japani, yanakotoka magari mengi yaliyotumika yanayonunuliwa Kenya na Tanzania, huhesabu kilomita kwa lita: namba kubwa ndiyo nafuu. Ulaya huhesabu lita kwa kilomita 100, na huko nafuu ni namba ndogo. Marekani na Uingereza huhesabu maili kwa galoni, lakini galoni ya Marekani ni lita 3.785 na ya Uingereza lita 4.546, hivyo gari lile lile huonekana nafuu zaidi katika tangazo la Uingereza.

Kilomita kwa lita hudanganya macho. Katika safari ya kilomita 1,000, kuacha gari la kilomita 8 kwa lita na kuchukua la 10 huokoa lita 25. Kutoka 20 kwenda 25, hatua inayoonekana kubwa zaidi, huokoa lita 10 tu. Afadhali mnunuzi ageuze kila namba iwe lita, kisha azidishe kwa bei ya kituoni.

Linalosahaulika zaidi ni kipimo chenyewe. Namba za vipimo vya zamani vya Japani, 10-15 na JC08, zilipatikana maabara kwa mwendo wa upole mno. Kipimo cha WLTC, kilichoanza kutumika huko mwaka 2017, kinakaribia zaidi uendeshaji wa kweli, na hutenganisha mjini, pembezoni na barabara kuu. Namba za vipimo tofauti hazilinganishwi kamwe. Anayeshinda kwenye foleni za Nairobi au Dar es Salaam atazame ya mjini, ambako haibridi hung'ara kwa kuwa kila ikipunguza mwendo huchaji betri yake.