Mianga ya Kaskazini katika Pwani ya Norwei
Msafiri mwenye shauku ya kuitazama mianga ya kaskazini, ambayo huzuka pale chembe zitokazo katika jua zigonganapo na hewa ya anga za juu, yapata kilomita 100 na zaidi kutoka ardhini, hana budi kuielekea pwani ya Norwei baina ya Septemba na Machi, wakati ambapo giza hudumu kwa muda mrefu. Mji wa Tromsø una nyumba za wageni tele, walakini taa zake huipunguzia mianga hiyo nuru. Afadhali ufuo wa Uttakleiv, visiwani Lofoten, unaoikabili bahari kuu. Na mawingu yakitanda pwani, aghalabu Skibotn, kijiji ambacho milima ya Lyngen hukikinga na mvua za baharini, huwa na mbingu safi.