Vishnu kwa Kiswahili: Mungu, Sanamu na Avatara

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza dhima na taswira ya Vishnu, mmoja wa miungu wakuu wa dini ya Kihindu, na kuchunguza kama Kiswahili kina maneno ya kumweleza bila ya kumpotosha.

Swali hili halikuzaliwa maktabani. Nilipokuwa likizoni nyumbani Kangeta, katika nchi ya Waigembe, mzee jirani yetu alinionyesha kalenda ya zamani aliyopewa dukani mjini Meru. Ilikuwa na picha ya kijana mwenye ngozi ya samawati na mikono minne. Mzee akaniuliza kwa Kimeru, "Mwanangu, huyu ni Murungu au ni mtu?" Nikajibu kwa haraka kwamba hiyo ni sanamu ya mungu mmoja wa Wahindi. Mzee akatikisa kichwa. "Mmoja? Kumbe Murungu huhesabiwa?"

Nilikuwa nimerejea kutoka ng'ambo na shahada ya pili ya isimu, nami sikuwa na jibu. Makosa yalikuwa katika maneno yangu mwenyewe, na ndiyo ninayotaka kuyasahihisha hapa.

2. Dhima na Taswira ya Vishnu

Katika fundisho liitwalo Trimurti, kazi za ulimwengu zina wenyewe watatu: Brahma huumba, Vishnu huhifadhi, na Shiva huangamiza ili uumbaji uanze upya. Hata hivyo, kwa Wavaishnava, yaani wafuasi wa Vishnu, yeye si mshirika katika utatu huo, bali ndiye Mungu Mkuu na asili ya vyote. Katika Rigveda, mkusanyo mkongwe wa tenzi za ibada, anasifiwa kwa kuupima ulimwengu wote kwa hatua tatu.

Mikono yake minne hushika vitu vinne. Kome la bahari hupulizwa kama baragumu. Kisahani chenye makali hukata uovu. Rungu ni alama ya nguvu. Na yungiyungi, ua liotalo matopeni likachanua safi, ni alama ya utakatifu. Rangi ya samawati hufasiriwa kuwa ya mbingu na bahari, vitu visivyo na mpaka. Mara nyingine huchorwa amejilaza juu ya nyoka Shesha katika bahari ya milele, au amepanda Garuda, ndege mwenye umbo la mtu na tai. Mkewe ni Lakshmi, mungu wa kike wa neema na mali.

Ni dhahiri kwamba mchoraji hadai kuwa ameona kiumbe wa mikono minne. Kila mkono ni kauli, na kauli zote nne husemwa kwa wakati mmoja. Jambo hili si geni kwetu Meru. Bernardi, katika kitabu chake cha mwaka 1959 juu ya Mugwe, ameeleza jinsi mkono wa kushoto wa kiongozi huyo wa ibada ulivyohesabiwa kuwa na nguvu takatifu. Mkono, basi, waweza kuwa neno.

3. Maneno Tuliyo Nayo

Tuanze na lililo jepesi. Mhindi ni mtu wa asili ya Bara Hindi, awe Mwislamu, Kalasinga, Mgoa au mwingine. Mhindu ni mfuasi wa dini. Mimi niliyachanganya. Yamkini chanzo ni historia: tulikutana na watu hawa penye biashara kuliko penye ibada. Ndiyo maana tulipokea kwao maneno kama laki, bima na hundi, lakini istilahi za dini yao hatukuzichukua.

Neno la pili ni mungu. Asili yake ni ya Kibantu, nalo ni ndugu wa Mulungu wa Wamijikenda, Wayao na Wachewa, na wa Murungu wa Wameru. Kiswahili kilipolitumia katika Uislamu na Ukristo, Mungu akawa mmoja tu, na wingi wake, miungu, ukabaki kuwa jina la wasio wa kweli. Basi tusemapo "miungu ya Wahindu" tumekwisha kutoa hukumu kabla ya kueleza, na Mvaishnava amwabuduye Mungu mmoja mwenye sura nyingi tumemnyima haki yake.

Neno la tatu ni sanamu. Barabarani halina lawama: sanamu ya Dedan Kimathi iliyozinduliwa Nairobi mwaka 2007 haimuudhi mtu. Lakini likiwekwa karibu na neno ibada, hugeuka kuwa shutuma. Mhindu husema murti, yaani umbo. Katika mahekalu, kama lile la Swaminarayan lililofunguliwa Nairobi mwaka 1999, murti huwekwa wakfu kwa ibada ya kuualika uhai wa kimungu, kisha huvishwa na kutengewa chakula kama mgeni wa heshima. Napendekeza tuseme murti, na sanamu tuliachie sanaa.

4. Neno Tusilo Nalo

Vishnu huhifadhi kwa kushuka. Kila haki inapodidimia, yeye huja duniani kwa umbo lipasalo. Orodha maarufu ina maumbo kumi: samaki, kobe, nguruwe mwitu, mtu-simba, mbilikimo, Parashurama mwenye shoka, Rama, Krishna, Buddha, na Kalki ambaye bado anangojewa. Kuja huku huitwa avatara, neno la Kisanskriti lenye maana ya kushuka.

Je, tulifasirije? Umwilisho ni neno la Wakristo kwa tukio lililotokea mara moja. Avatara ni nyingi. Mshuko lingefaa kwa maana ya asili, lakini limekwisha kutumika kwa watu watokapo msikitini baada ya sala. Kwa hiyo hatuna budi kulipokea avatara lenyewe, kama tulivyoipokea laki.

5. Hitimisho

Maneno tuliyorithi katika dini moja hayatoshi kuieleza nyingine, na mwenye kufasiri bila kuyapima humhukumu jirani yake pasipo kujua. Mzee wa Kangeta aliuliza kama yule ni Murungu au ni mtu. Kwa Mvaishnava, Rama na Krishna ni yote mawili, na neno la kusema hivyo ni avatara. Swali la mzee lilikuwa sahihi. Mfasiri ndiye aliyepungukiwa.