Nyumba isiyopumua ndiyo yenye kelele

MTU anayerudi nyumbani hurudi na mizigo yake, na hurudi pia na mazoea yake. Sisi tuliokulia Tanzania, Uganda, Burundi na Kongo, tulipofika Kigali tulijenga na kupamba nyumba kwa kufuata tulichokiona kule tulikotoka. Aliyeishi Dar es Salaam alitaka kiyoyozi, kwa kuwa usiku wa Januari kule hulali bila upepo wa mashine. Mfanyabiashara aliyezoea safari za Dubai naye alirudi na wazo hilo hilo, kwa sababu kila chumba alicholala huko kilikuwa na mashine ukutani.

Ukitembea usiku katika mitaa ya Remera, kuanzia Kisimenti hadi nyuma ya Uwanja wa Amahoro, utayasikia matokeo yake. Magari yakishapungua barabarani, masikio huanza kupokea mngurumo mwingine: feni zinavuma, friza za maduka zinatetemeka, na viyoyozi vinanguruma upande wa jirani. Je, kelele zote hizi ni za lazima?

Jibu langu ni kwamba, kwa sehemu kubwa, si za lazima. Nyingi zinatokana na nyumba ambazo hewa haina njia ya kupita.

Hebu tuanze na hali ya hewa yenyewe. Kigali imekaa juu ya vilima, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Mchana joto hufika nyuzi 27 au 28, lakini usiku hushuka hadi nyuzi 15 au 16. Dar es Salaam ipo ufukweni, na katika miezi ya joto usiku wake hubaki na nyuzi 25 hivi, tena hewa imejaa unyevu. Mtu wa Dar akifungua dirisha usiku, anakaribisha joto jingine. Mtu wa Remera akifungua dirisha, anapata ubaridi wa bure ambao hakuna forodha inayoutoza ushuru.

Kama ubaridi upo nje, kwa nini basi watu wanawasha mashine ndani? Sababu ya kwanza ni paa. Kigali ipo karibu na ikweta, hivyo jua hupita juu kabisa ya nyumba na paa ndilo linalopokea joto kubwa. Bati lililochomwa na jua toka asubuhi hushusha joto hilo chumbani. Pasipo na dari, unakaa chini ya kikaango. Na hata penye dari, kama juu yake hakuna matundu ya kutolea hewa, joto linabaki limefungiwa pale na kuteremka polepole.

Sababu ya pili ni madirisha. Viwanja vyetu ni vidogo, na nyumba nyingi zina madirisha upande mmoja tu wa chumba. Hewa inayotaka kuingia inakuta ile iliyomo haina pa kutokea. Ni sawa na kutaka kujaza gunia lililokwisha kujaa. Wengine wameziba hata matundu ya juu ya dirisha kwa kuogopa mbu na vumbi, wakati wavu mwembamba ungetosha.

Kanuni yenyewe ni nyepesi, na mafundi wazuri wanaijua. Hewa ya moto hupanda. Ipe mlango wa kuingilia chini, upande mmoja, na mlango wa kutokea juu, upande wa pili, nayo itatembea yenyewe bila kuguswa. Tundu la kutokea lisiwe dogo kuliko la kuingilia. Ukitaka kujua kama chumba chako kinapumua, washa kijiti cha udi karibu na dirisha. Moshi ukielea kuelekea upande wa pili, njia ipo. Ukisimama wima kama mlingoti, hewa imelala.

Jambo hili si geni kwa watu wa kwetu. Wajenzi wa zamani wa Lamu na Unguja walijenga kuta nene za mawe ya matumbawe na kuacha ua katikati ya nyumba, ili joto lipande na kutoka. Nanyi mnaokwenda Dubai kuchukua mali, siku moja mpite mtaa wa Al Fahidi, uliokuwa ukiitwa Bastakiya. Mtaona minara ya mraba juu ya nyumba za kale. Minara hiyo ilikuwa ikikamata upepo na kuuteremsha vyumbani, miaka mingi kabla umeme haujafika. Haikuwa na kelele yoyote.

Kelele hizi pia zinagombanisha watu. Mwaka jana, katika mtaa wetu hapa Remera, mama mmoja anayeuza vitenge vya kutoka Kampala aliweka kiyoyozi chumbani kwake. Sehemu ya nje ya mashine ilifungwa katika kichochoro kati ya ukuta wake na uzio, na ng'ambo ya uzio ndipo chumba cha kulala cha jirani yake, muuguzi anayefanya kazi kwa zamu. Muuguzi akirudi alfajiri, hapati usingizi. Maneno yalianza kidogo kidogo, hadi ikafika siku ya umuganda wakashika majembe bega kwa bega bila kusalimiana. Shauri likafikishwa kwa mkuu wa mudugudu, nami nikaitwa kama jirani wa tatu.

Mkuu wa mudugudu alifanya jambo la busara. Kabla ya kuamua nani ana haki, alimwita fundi. Fundi alikuta mambo manne. Kwanza, mashine ilikuwa imebanwa kichochoroni, inavuta tena hewa ya moto iliyoitoa yenyewe, kwa hiyo ilifanya kazi muda wote bila kupumzika. Pili, vichujio vyake vilikuwa vimejaa vumbi jekundu la kiangazi. Tatu, ilifungwa kwenye chuma kilichogusa ukuta moja kwa moja, bila mpira wa kuzuia mtetemo, na ukuta mzima ukawa kama ngoma. Nne, marobota ya vitenge yalikuwa yamepangwa hadi juu ya dirisha pekee la chumba.

Kazi ilichukua siku mbili. Marobota yalihamishiwa stoo. Ukuta wa pili ulitobolewa karibu na dari, tundu likawekewa nondo na wavu wa mbu. Chini ya kenchi, pande zote mbili za nyumba, yakawekwa matofali ya matundu. Mashine ilisafishwa, ikahamishiwa upande wa barabara na kukalishwa juu ya mipira. Siku hizi mama huyo huiwasha mchana wa jua kali tu, kwa sababu usiku chumba kinajipoza chenyewe. Muuguzi analala, na salamu zimerudi.

Kwa mwenye feni kuna somo lake pia. Feni ikipunguzwa mwendo kwa nusu, hewa inayosukumwa hupungua kwa nusu, lakini kelele hushuka kwa desibeli 15 hivi, na nguvu inayohitajika kuusukuma upepo hubaki karibu sehemu moja ya nane. Sikio huhisi kelele imepungua kwa nusu zinapopungua desibeli 10 tu. Kwa hiyo feni kubwa inayozunguka polepole ni afadhali kuliko ndogo inayokimbia kama pikipiki. Ikumbukwe kwamba Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1999, lilishauri kelele ndani ya chumba cha kulala isizidi desibeli 30 ili mtu alale vizuri. Hicho ni kiwango cha mnong'ono.

Wafanyabiashara wa mipakani, hapa pana neno lenu. Oktoba 2016, mataifa yalikutana papa hapa Kigali na kukubaliana kupunguza gesi za HFC, zinazotumika katika viyoyozi na friji na ambazo huongeza joto la dunia. Makubaliano hayo yanabeba jina la mji wetu, na yalianza kutumika tarehe 1 Januari 2019. Mwaka huo huo Rwanda ilitoa mkakati wake wa taifa wa upozaji, unaotaka mashine zinazoingia nchini zitumie umeme kwa uangalifu. Kabla ya kupakia mtumba wa bei ya chini, uliza aina ya gesi na kiasi cha umeme inachokula. Mashine chakavu hula fedha yako mara tatu: dukani, mpakani na kwenye mita ya umeme. Kelele zake ni nyongeza.

Nisisahau upande wa baridi. Juni na Julai usiku wa Kigali huuma, na wapo wanaofunga kila tundu kisha kuingiza jiko la mkaa, imbabura, chumbani. Tafadhali msifanye hivyo. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, rangi wala sauti. Kiyoyozi cha jirani kitakuamsha, lakini sumu hii haimwamshi mtu. Blanketi la pili ni salama zaidi, na tundu la juu libaki wazi hata usiku wa baridi.

Kwa anayejenga sasa, mashauri ni machache. Elekeza madirisha makubwa kaskazini na kusini, maana jua la asubuhi na la jioni hupiga mashariki na magharibi. Weka dari, na juu yake acha njia ya hewa. Kila chumba kipate matundu mawili yanayotazamana. Fanya hayo kwanza, ukae msimu mmoja, ndipo uamue kama bado unahitaji mashine.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa nyumba zetu za Remera tunaweza kuongeza kwamba usipotoboa tundu, utanunua mashine, na jirani yako ndiye atakayeisikia.