Tairi kubwa au tairi sahihi? Jinsi ya kuchagua saizi kwa gari la barabara mbovu

Katika vijiji vingi, Land Cruiser moja ndiyo basi, ndiyo lori la mazao, na mgonjwa akizidiwa usiku ndiyo gari la kumfikisha hospitali. Ikikwama au ikipasuka tairi mbali na lami, wanaoumia ni wengi kuliko mwenye gari. Kwa hiyo kabla hujatoa fedha kununua matairi, hasa yale makubwa yanayopendeza macho, jifunze kusoma namba zilizoandikwa ubavuni mwa tairi.

Namba hizo zina maana gani?

Tuchukue tairi lililoandikwa 265/75R16. Namba 265 ni upana wa tairi kwa milimita. Namba 75 ni kimo cha ubavu, yaani asilimia 75 ya ule upana, ambayo ni karibu milimita 199. Herufi R inaonyesha kuwa ni tairi la redial. Namba 16 ni saizi ya rimu kwa inchi.

Ukitaka kujua kimo cha tairi zima, jumlisha ubavu wa juu, ubavu wa chini na rimu. Mbavu mbili ni milimita 398. Rimu ya inchi 16 ni milimita 406. Jumla ni karibu milimita 804.

Sasa fanya hesabu hiyohiyo kwa tairi la 235/85R16. Utapata karibu milimita 806. Matairi haya mawili yana kimo karibu sawa, ingawa moja ni jembamba kwa milimita 30. Lile tairi la zamani la 7.50R16, ambalo bado limefungwa kwenye Land Cruiser nyingi za kazi, nalo lina kimo kinachokaribiana na hayo.

Upana ufuate udongo

Kama vimo vinalingana, utachagua vipi? Angalia udongo unaopita kila siku.

Kwenye udongo mweusi wa mbuga, kama wa Shinyanga, Simiyu au bonde la Kilombero, tairi jembamba mara nyingi husaidia zaidi. Hukata tope la juu na kutafuta ardhi ngumu iliyo chini. Tairi pana huelea juu ya utelezi na kuteleza nao. Hata hivyo, kama tope ni refu na chini hakuna ardhi ngumu, wembamba hautakuokoa. Hapo ni heri kusubiri pakauke au kutafuta njia nyingine.

Kwenye mchanga, kama mito mikavu ya Dodoma au Turkana, kazi ni tofauti. Huko tairi linatakiwa lisizame, na upana unasaidia. Lakini kinachosaidia zaidi ni kupunguza upepo ili tairi lilale na kugusa mchanga kwa urefu mkubwa. Punguza kwa muda tu, nenda polepole, na jaza tena kabla ya kurudi kwenye barabara ngumu. Tairi lenye upepo mdogo likienda kasi hupata joto na kupasuka. Kama matairi yako yana tyubu, kuwa mwangalifu zaidi: upepo ukipungua sana, tairi huzunguka juu ya rimu na kung'oa vali ya tyubu.

Kimo kina gharama yake

Wengine hupanda hadi 285/75R16 ili gari linyanyuke. Tairi hilo lina kimo cha karibu milimita 834, yaani 30 zaidi ya lile la 265/75R16. Lakini gari hukaa juu ya nusu ya kimo cha tairi, kwa hiyo limenyanyuka milimita 15 tu. Umenunua nafasi ya unene wa kidole kimoja.

Gharama yake ni hii. Injini inalizungusha tairi kubwa kwa shida zaidi, hivyo gari lenye mzigo linachoka mlimani na klachi inaumia. Breki nazo zinahitaji nguvu zaidi kulisimamisha. Spidomita inadanganya: ikionyesha kilomita 80 kwa saa, kwa kweli unakwenda karibu 83. Na ukikata kona hadi mwisho, tairi linaweza kugusa bodi au springi.

Mzigo kwanza

Baada ya saizi, utaona maandishi kama 120/116Q. Namba ya kwanza ni uwezo wa kubeba. Namba 112 maana yake ni kilo 1,120 kwa tairi moja, 116 ni kilo 1,250, na 120 ni kilo 1,400. Namba ya pili ni ya magari yanayofunga matairi mawilimawili nyuma. Herufi ni mwendo wa juu. Q ni kilomita 160 kwa saa.

Tuseme gari lako likijaa, ekseli ya nyuma inabeba kilo 2,400. Kila tairi linabeba kilo 1,200. Tairi la 112 halitoshi, hata kama ni jipya na ni pana. La 116 linatosha kwa shida, na la 120 linakuachia nafasi. Matairi mawili ya saizi moja yanaweza kutofautiana sana hapa, kwa hiyo usinunue kwa saizi peke yake.

Rimu nayo ina upana

Rimu ya inchi 16 inaweza kuwa nyembamba au pana. Tairi la 7.50R16 hukaa vizuri kwenye rimu ya upana wa inchi 5.5. Tairi la 265/75R16 linahitaji angalau inchi 7. Ukililazimisha kwenye rimu nyembamba, linabinuka katikati, linalika vibaya na kuyumba kwenye kona.

Kama rimu zako ni za chuma zenye pete ya kufungia, usiache mtu yeyote aifungue kabla upepo wote haujatoka. Pete hiyo ikiruka wakati wa kujaza upepo inaweza kuua. Fundi anayejua kazi huliweka gurudumu ndani ya kizimba cha chuma kwanza, na hasimami mbele yake.

Kabla ya kulipa

Tafuta maandishi ya DOT ubavuni na usome tarakimu nne za mwisho. Ukiona 2319, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Hili ni muhimu hasa kwa matairi ya mtumba, ambayo yanaweza kuwa na kashata nzuri huku mpira umeshazeeka. Angalia pia kama kuna nyufa ndogondogo ubavuni.

Nunua saizi moja kwa miguu yote minne, na tairi la akiba liwe hilohilo. Gari linalovuta mbele na nyuma likifungwa matairi ya vimo tofauti, gia na difu hulazimishana na kuharibika.

Mwisho, soma kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Kinaonyesha saizi na upepo uliokusudiwa kwa gari hilo. Anzia hapo, kisha badilisha kwa sababu ya udongo na mzigo wako.